Uzoefu wangu: kiti cha mtoto cha gari nilichonunua Mtwara mjini (kiti sawa, muuzaji hapana)

Naomba niseme mapema kiti chenyewe si kibaya, nisije nikaonekana nina chuki binafsi. Ila yule kaka wa dukani jamani, mpaka leo nikipita ile mitaa ya sokoni damu inachemka.

Iko hivi, mwanangu alikuwa kwenye kile kiti cha wachanga kinachoangalia nyuma, chenye mkono wa kubebea, ambacho mwisho wake ni kilo 13. Kilo hizo alikuwa hajafika lakini kichwa kilishaanza kuchungulia juu ya ukingo, na kichwa kikishatokeza pale basi hicho kiti kimemaliza kazi, usisubiri kilo. Na sisi Masasi kwa bibi yake tunakwenda sana, msimu wa korosho ndo usiseme, kilomita kama 200 na malori kibao njiani. Kumpakata sitaki, nimeshavutana na mama mkwe kuhusu hilo na hapa sirudii.

Nikaenda dukani na kadi ya kliniki. Ndiyo, kadi ya kliniki, kwa sababu uzito wake umeandikwa mle na hivi viti vinapangwa kwa kilo, vile vya kisasa zaidi kwa sentimita, miaka haikwambii kitu maana wapo wa mwaka mmoja wakubwa na wapo wadogo. Kaka hakuuliza kilo wala urefu, kauliza tu "ana mwaka?" Nikatoa kadi nimwoneshe. Akaishika, akamgeukia mwenzie: "Huyu dada kaja kununua kiti au kaja kuchanja mtoto?" Wakacheka wee, na wateja wengine wakadakia. Mimi nimesimama na hela yangu mkononi naonekana kituko.

Angeishia hapo ningenyamaza. Akanishushia kile cha kukalia tu, kisicho na mikanda yake, eti "chukua hiki bei poa, atakitumia mpaka darasa la saba". Nikakigeuza, chini kina kile kibandiko cha rangi ya chungwa chenye E ndani ya duara, alama ya kwamba kiti kimepimwa na kuidhinishwa, kimeandikwa kilo 15 mpaka 36. Mwanangu ana 12 na ushee! Kile mtoto anafungwa na mkanda wa gari wa watu wazima, kwa mtoto huyu ungempita shingoni badala ya begani. Namwambia hivyo ananijibu "dada hizo kilo ni za Wazungu, mtoto wa Kusini ana mifupa migumu". Halafu, na hii ndo iliyoniudhi kuliko hata kadi, akaniambia kiti chochote nitakachochukua nikiweke siti ya mbele ili mtoto amuone baba yake. Mbele kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga!! Ikifumuka mbele ya kiti kinachoangalia nyuma inakigonga mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Unauza vitu vya watoto na hilo hulijui?

Nikachagua mwenyewe, kile cha kuanzia kuzaliwa mpaka kilo 18, kinachogeuzwa, ambacho mgongo wake ni mrefu kidogo. Nikataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akanuna, akatoa.

Safari ya kwanza, hata Mikindani hatujafika, nimekaa nyuma pembeni ya mtoto naona mikanda ya mabegani imeshuka mpaka kwenye mikono. Tukapaki. Pale mbele ya kiti, chini ya kitambaa, kuna mkia wa mkanda unaouvuta kukaza na kichuma cha kubonyeza ukitaka kulegeza. Ukivuta unakaza vizuri, unajaribu kuufinya ule mkanda begani vidole vinateleza, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mtoto akijinyoosha tu, chwiii, unarudi wenyewe. Yale meno ya ndani hayang'ati kabisa. Kitu kipya! Tukageuza gari, bibi akasubiri mpaka kesho yake.

Dukani kaka ananiambia mtoto ndo anavuta, "mfundishe kutulia". Mtoto wa umri ule nimfundishe kutulia! Akanionesha maandishi kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilipandisha sauti nakubali, mpaka muuza matunda wa nje akaingia kuangalia. Aliyeniokoa ni kijana wao wa stoo, mpole, hakusema kitu, kavuta mkanda mwenyewe akaona unarudi, akaenda nyuma akaja na kingine cha aina ile ile, tukakijaribu pale pale juu ya kaunta, kikashika. Nikadhani yameisha. Kaka akasema elfu kumi ya boksi, kwa sababu nimerudisha boksi limechanika. Nikalipa kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kulia njaa.

Sasa hicho cha pili, niseme ukweli, nakipenda. Mikanda haijalegea tena, Masasi tumekwenda na kurudi, mtoto analala kichwa hakidondoki. Bado namwangalizisha nyuma, shingo yake haijakomaa kubeba kichwa kile breki zikipigwa ghafla, na miguu kukunjika haimsumbui kama watu wanavyosema, anaipandisha juu ya siti anacheza nayo. Kitambaa ndo tatizo, kinashika joto, mchana wa hapa mtoto anatoka mgongo umelowa chapa, natandika kipande cha kanga. Na vile vichuma vikikaa juani vishike wewe kwanza kabla hujamfunga mtoto.

Kiti nyota nne. Duka nilitaka kulipatia sifuri, halafu namkumbuka yule kijana wa stoo nasema mbili, halafu nakumbuka "kuchanja mtoto" narudi kwenye moja. Iwe moja. Na ile elfu kumi ya boksi bado naidai.