Chupa za Mason kwa jeli ya mapera: kioo imara, visahani vya kununua kila mara

Kwa anayetengeneza jeli ya mapera nyumbani na kutaka idumu miezi mingi bila kemikali za kuhifadhia, chupa za aina ya Mason, ambazo mtindo wake wa shingo ya kufunga kwa kuzungusha ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1858 kwa jina la John Landis Mason, ndizo ninazozipendekeza kuliko zote nilizowahi kutumia. Ubora wake umo kwenye kifuniko cha vipande viwili, yaani kisahani cha bati chenye utepe laini pembeni na pete ya kukikaza. Jeli humiminwa ingali moto, ikiachwa nafasi ya milimita 6 juu. Ukingo hufutwa kwa kitambaa safi, kisha chupa huchemshwa zikiwa zimezama kabisa majini. Zikipoa, kisahani hubonyea katikati kwa mlio mdogo, na ukikigusa kwa kidole hakichezi kamwe. Hapo unajua kimeshika. Chupa kuukuu za jemu ya dukani hazinipi uhakika huo.

Kwa chupa zilizotakaswa kwanza, wakazi wa pwani huchemsha dakika 5, lakini Arusha, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, ni dakika 10.

Kasoro yake ni kisahani, ambacho hakifai kutumika mara ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha duka linauza visahani peke yake, la sivyo utalazimika kununua chupa mpya kila msimu wa mapera.