Riale ya Maria Theresa au rupia ya Wajerumani?

Anayeanza kukusanya sarafu kongwe za fedha za Afrika Mashariki hulikuta swali hili mapema.

Kwa alama, riale inanivuta zaidi. Malkia Maria Theresa wa Austria amejitanda ushungi wa ujane, maana mumewe alifariki 1765, na begani kuna bruchi, yaani pini ya urembo, yenye lulu. Ukingoni maneno ya Kilatini yamechongwa yakatokeza: kwa haki na huruma. Hapo mwizi wa kukwangua fedha ukingoni angeumbuka haraka. Nyuma yuko tai wa vichwa viwili.

Rupia inasimulia habari nyingine kabisa. Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Nyuma, katika toleo la 1890 hadi 1902, simba amesimama mbele ya mnazi. Hiyo ni nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyojitwalia nchi, na mimi siwezi kuitazama bila kukumbuka hilo. Kuanzia 1904 simba aliondolewa.

Uzito: riale gramu 28 hivi, rupia 11.66. Ila rupia ni safi zaidi, asilimia 91.7 dhidi ya 83.3.

Kwa tarehe, rupia inashinda: mwaka ulioandikwa ndio ilipopigwa. Riale zilizopigwa baada ya kifo cha malkia zote zimeandikwa 1780, hata za karne ya 20.

Ukitaka historia ya biashara ya bahari, chukua riale. Ukifuatilia ukoloni mwaka kwa mwaka, rupia. Yoyote ile, usiisugue.