Basketball-Reference na ubishi wa masenta: inachopima na kinachoiponyoka

Wilt Chamberlain angeweza kukaa uwanjani na Rudy Gobert? Bill Russell angeruka kiasi gani leo? Kati ya Hakeem Olajuwon na David Robinson, nani alikuwa mwepesi zaidi? Ubishi huu ukipamba moto, kuna mtu atafungua Basketball-Reference, tovuti ya takwimu za NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) iliyoanza 2004, achomoe namba inayomfaa. Tovuti ni nzuri, lakini imehifadhi matokeo ya mchezo, na swali linaloulizwa ni la mwili. Hapa inapimwa kwa kazi hiyo moja tu: kulinganisha wepesi, mruko na pumzi za masenta, wale warefu wanaocheza karibu na ringi, wa enzi tofauti.

Kurasa za wachezaji ni bure na hazidai kujisajili. Kwenye simu majedwali ni mapana na safu ya bloku (mitupo iliyozuiwa) imekaa karibu na mwisho, kwa hiyo laza simu kabla hujaanza kusukuma kwa kidole.

Kitu cha kwanza kujua ni miaka. Bloku, kupokonya mpira na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) za ushambuliaji vilianza kuandikwa rasmi msimu wa 1973-74. Kupoteza mpira, 1977-78. Pointi tatu, 1979-80. Umbali wa mitupo, pamoja na hesabu ya danki (mpira unaotiwa ringini kwa mkono kutoka juu), unapatikana kuanzia 1996-97, maana yake hata misimu minne ya mwanzo ya Shaquille O'Neal haimo. Russell alistaafu 1969 na Wilt 1973, hivyo safu zao za bloku ni tupu kabisa. Tupu si sifuri, na hapa ndipo watu huharibu hesabu, hasa wanaopakua jedwali na kulifungulia kwenye programu nyingine. Mfano mzuri ni Kareem Abdul-Jabbar. Ana bloku 3,189 na michezo 1,560. Ukigawanya unapata 2.0 kwa mchezo. Lakini misimu yake minne ya kwanza, michezo 321, bloku hazikuandikwa. Toa hiyo, gawanya kwa 1,239, unapata 2.6, na ndiyo namba ambayo tovuti yenyewe inaonyesha. Tofauti hiyo inatosha kumgeuza mzuiaji hodari kuwa wa kawaida.

Sasa bloku zenyewe. Wengi huzisoma kama kipimo cha mruko, na sicho. Rekodi ya msimu ni ya Mark Eaton wa Utah: bloku 456 mwaka 1984-85, sawa na 5.6 kwa mchezo. Eaton alikuwa na futi 7 na inchi 4, mzito, na alikuwa harukiruki. Alisimama karibu na ringi na kuinua mikono. Manute Bol wa Sudan, futi 7 na inchi 7, alipata 397 msimu uliofuata kwa mtindo wa jamaa huyo huyo: urefu wa mkono na kusoma mtupo mapema. Anayetaka wepesi aangalie safu ya jirani, ya kupokonya mpira. Senta anayepokonya lazima awe na miguu ya kusogea pembeni, mikono ya haraka, na kasi ya kutoka chini ya ringi na kurudi kabla hajaadhibiwa. Eaton msimu ule alipokonya 0.4 kwa mchezo. Hakeem mwaka 1988-89 alipokonya mara 213 na kuzuia mitupo 282, na hadi leo hakuna mwingine aliyevuka 200 kwa vyote viwili katika msimu mmoja. Robinson mwaka 1991-92 alikuwa na bloku 4.5 na kupokonya 2.3. Safu hizi mbili zikisomwa pamoja zinaeleza mwili wa senta kuliko nyingine yoyote iliyomo kwenye tovuti, na kwa ubishi wa Hakeem na Robinson zinaonyesha kwamba anayedai mmoja alimwacha mwenzake mbali kwa wepesi hana pa kusimamia.

Kuna kitufe cha kugeuza takwimu ziwe za kila dakika 36. Kitumie kwa tahadhari. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA) ya 2009, msimu wake wa kwanza alipata bloku 1.3 kwa dakika 13 hivi. Ukizipandisha hadi dakika 36 zinakuwa 3.6, na kwa hesabu hiyo anampita Hakeem wa 1988-89, aliyekuwa na 3.4 akicheza karibu dakika 37 kweli. Hakuna aliyewahi kuona mpira akaamini hivyo. Mchezaji wa akiba hutumia nguvu zote kwa vipindi vifupi, mara nyingi dhidi ya akiba wenzake, na faulo humtoa kabla hajachoka. Kizingiti kinachofaa ni dakika 28 kwa mchezo na zaidi. Chini ya hapo usilinganishe.

Kwa masenta wa kabla ya 1973 tovuti inakupa ribaundi na dakika, basi. Ribaundi zinahitaji kurekebishwa kwa sababu mchezo ulikuwa na mitupo mingi na mingi ilikosa. Msimu wa 1961-62 timu ya wastani ilitupa mara 107.7 kwa mchezo na kufunga asilimia 42.6, mwaka 2023-24 ilitupa mara 88.9 na kufunga asilimia 47.4. Ribaundi kwa timu zilishuka kutoka 71.4 hadi 43.5. Chukua 25.7 za Wilt za 1961-62, zidisha kwa 43.5, gawanya kwa 71.4: unapata 15.7. Zishushe kutoka dakika 48.5 hadi 35 na zinabaki 11.3, chini ya 12.9 za Gobert za 2023-24.

Wanaopenda enzi hii hukomea hapo na kushangilia. Mapema mno. Dakika 48.5 kwa mchezo wa dakika 48 (muda wa nyongeza ndio ulioongeza hiyo nusu) ni kipimo cha mwili chenyewe, tena kipimo kigumu. Wilt alicheza dakika 3,882 msimu ule na alikosa chache tu, alipotolewa nje kwa faulo za kiufundi katika mchezo mmoja. Mtu anayejua hatapumzika hawezi kurukia kila mpira, kwa hiyo kumgawia ribaundi zake sawasawa kwa dakika ni kumwonea. Hakuna fomula kwenye tovuti inayotibu hilo.

Mruko wao utafute kwenye riadha, ambako mwamba wa kurukia hauongopi. Russell aliruka juu mita 2.06 mwaka 1956 na akawekwa miongoni mwa warukaji kumi bora wa dunia mwaka huo. Hiyo ilikuwa miaka 12 kabla Dick Fosbury hajashinda Olimpiki ya Mexico kwa kuruka kinyumenyume, yaani Russell alitumia mitindo ya zamani isiyo na nafuu hiyo. Wilt naye alikuwa bingwa wa kuruka juu wa ligi ya chuo chake akiwa Kansas. Basketball-Reference haina lolote kati ya haya.

Ile hadithi kwamba Wilt aliruka inchi 48 wima ipime mwenyewe. Mtu wa mita 2.16 akinyoosha mkono hufika kama mita 2.90. Ongeza mita 1.22 unapata 4.12. Ukingo wa juu wa ubao uko kama mita 3.96. Kwa hiyo mkono ungepita juu ya ubao kwa sentimita 16, na kuugusa tu ukingo huo kungehitaji inchi 42. Alikuwa mrukaji mkubwa bila inchi hizo za kuongezewa.

Urefu na uzito kwenye tovuti ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Uzito ni namba ile ile moja kwa maisha yote ya mchezaji. Shaq ameandikwa pauni 325, iwe ni kijana wa Orlando aliyekimbia kama winga au mzee wa Boston. Urefu wa zamani mara nyingi ulipimwa na viatu au ulitoka kwenye kalamu ya ofisa habari wa klabu, na ni mwaka 2019 tu NBA ilipozitaka timu zithibitishe urefu bila viatu. Ukilinganisha senta wa 1990 na wa 2022, ruhusu kosa la sentimita tatu hadi tano.

Vipimo halisi vya mwili viko kwenye tovuti ya NBA yenyewe, kwenye majaribio ya kabla ya drafti, kuanzia mwaka 2000. Humo utamkuta Dwight Howard wa 2004: futi 6 na inchi 9 bila viatu, mruko wa kukimbilia inchi 35.5. Angalia mtego mmoja. Mruko huhesabiwa kwa kutoa kimo cha mkono ulionyooshwa kutoka mahali mkono ulipofika, na kijana asiyeinua bega sawasawa wakati wa kipimo cha kwanza hujiongezea inchi mbili tatu bure. Kwa hiyo soma kimo alichofika, uachane na tofauti.

Kwa waliobaki kuna video. Hesabu fremu tangu vidole vya miguu viache sakafu hadi viiguse tena, geuza ziwe sekunde, zidisha kwa zenyewe, kisha mara 1.23: unapata mita. Sekunde 0.8 ni sentimita 78 hivi. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kosa la fremu moja ni kama sentimita 6, na anayetua amekunja magoti hujiongezea. Filamu za miaka ya 60 nyingi zimebadilishwa kasi. Zikague kwanza kwa mpira unaodunda peke yake. Mpira ukipanda mita 1.2, muda kati ya mdundo na mdundo ni sekunde moja. Ukipata fremu 25 badala ya 30, filamu inakimbia na kila mruko humo utaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa.

Stathead, huduma ya kulipia ya wamiliki wa Basketball-Reference, hukuruhusu kuchuja misimu kwa masharti kadhaa kwa pamoja, mfano senta mwenye bloku 2 na kupokonya 1.5 kwa dakika 30 na zaidi. Kwa anayeandika au kufundisha, lipa mwezi mmoja, pakua unachotaka, simamisha. Kwa ubishi wa kijiweni, kurasa za bure zinatosha, mradi usiguse chochote cha kabla ya 1973 bila kalamu mkononi.