Fundi wa kujalidi vitabu, Ngamiani: mkono safi, ahadi za kesho

Anayetafuta wa kumjalidia kitabu hapa Tanga, yupo mzee mmoja Ngamiani, kibanda chake kimejibanza kati ya duka la vitenge na mashine ya kusaga. Kazi yake kubwa ni misahafu, Biblia na vitabu vya nyimbo za kanisani, vyote vinalaliana kwenye benchi moja vikingoja gundi ikauke. Mimi nilimpelekea John Mbiti.

Ni African Religions and Philosophy, kitabu kilichotoka 1969. Mbiti, Mkamba wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alikuwa akifundisha Makerere, akazichukua dini za jadi kama fikra kamili zenye Mungu, wakati na utu ndani yake, badala ya ushenzi unaongoja kuhubiriwa uishe. Uislamu na Ukristo navyo vimo humo, kama dini za Afrika. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, aliwakaripia wasomi wa aina yake kwamba wanawavisha miungu wetu nguo za Kigiriki, na kuna kurasa namwona ana haki. Lakini tangu Mbiti afariki Uswisi, Oktoba 2019, nakala yangu haijatulia nyumbani. Imepita kwa katekista, kwa ustadhi wa madrasa ya jirani, kwa binti yangu, mpaka mgongo ukakatika.

"Mwalimu, hiki cha msikitini au cha kanisani?" mzee aliuliza.

Nikamwambia hata wanaokwenda kutambika mapangoni Amboni kinawahusu. Akacheka, akakiweka juu ya Biblia ya mtu.

Kazi yenyewe naisifu. Hapigi pini wala hamwagi gundi mgongoni kama wale wa fotokopi. Alikifumua chote, akatoboa kwa msumari mwembamba, akashona fungu kwa fungu kwa uzi uliopakwa nta. Sasa kinafunguka kikalala bapa mezani.

Kasoro ni kwamba alikata kingo zilingane, na maandishi yangu ya penseli yakaenda na kisu. Pale Mbiti anaposema mimi nipo kwa kuwa sisi tupo, niliandika pembeni "na asiyekubali je?" Imebaki "na asiye". Mwambieni mapema asikate.

Halafu muda. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kitabu kikiingia kwa mzee huyu kinalowea. Aliniambia Jumatano, bila kusema ya mwezi gani. Mbiti aliandika kwamba katika fikra za jadi kuna Sasa na Zamani, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Wenzake walimpinga sana kwa hilo. Wangewahi kupeleka kitabu Ngamiani wangempunguzia.

Nililipa 12,000, jalada gumu la ngozi bandia na jina mgongoni, herufi zimeinama kidogo. Toeni nusu tu kwanza. Simu hapokei, mfuateni asubuhi, kabla jua halijapiga kibandani.