TAHADHARI: Muuza injini za Honda C90 "zilizofanyiwa ovahoo" anachezea alama za taimingi

Wakuu, hasa mnaofufua Honda C70 na C90 za zamani, someni hapa kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya Facebook na WhatsApp. Anauza injini anazosema zimefanyiwa ovahoo kamili: pistoni mpya, ringi mpya, valvu zimesagwa, cheni ya taimingi (ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni) mpya. Ukionyesha nia anakurushia video, injini iko juu ya benchi, kiki moja imewaka, inanguruma imetulia. Watu wananasa hapo. Pesa inaingia, mzigo unapakiwa kwenye basi, na ukifika injini inawaka kweli. Balaa linaanza barabarani: haivuti, kilima kidogo inadai gia ya kwanza, inachemka, na ukiizima ikiwa ya moto unapiga kiki mpaka jasho likutoke. Ukimpigia simu anasema fundi wako kaifungua na kuharibu taimingi, kwa hiyo waranti imekufa.

Moja ya injini hizo imeletwa gereji kwangu na kijana aliyejichanga muda mrefu kuinunua. Rangi ambayo muuzaji mwenyewe alipaka juu ya bolti ilikuwa haijapasuka, maana yake hakuna fundi aliyeigusa. Nikatoa kile kifuniko cha mviringo upande wa kushoto wa hedi (kichwa cha injini). Kwenye sproketi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), ile alama ya O iliyotoka nayo kiwandani imesagwa kwa grenda, chuma kimebaki cheupe. Kwenye jino linalofuata pamepigwa nukta mpya kwa panchi. Nikazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), mpaka alama yake ya T ikalingana na alama ya bloku, nikaingiza kijiti kwenye tundu la plagi kuhakikisha pistoni iko juu kabisa, na ile nukta ya kubuni ikakaa sawasawa na mkato wa hedi, mahali pa ile O. Ukiangalia juujuu, utaapa kwamba taimingi iko sawa. Na cheni "mpya" ni kuukuu, imerefuka, meno ya sproketi yamechongoka.

Fundi aliyekosea jino moja kwa haraka hana sababu ya kusaga alama. Aliyesaga anajua injini haiko sawa na anataka ionekane iko sawa. Huo ni wizi, na unaniuma kwa sababu wanaoibiwa ni watu wanaofufua pikipiki za baba zao.

Kwa wasiojua uzito wa jino moja: kwenye sproketi ya meno 28, jino moja ni karibu nyuzi 13 za kamshafti, sawa na nyuzi 26 hivi za krenki, kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Valvu zinafunguka na kufunga nje ya wakati wake. Injini bado inaweza kuwaka na kunguruma vizuri tu bila kupigwa gesi, ndiyo maana video ya injini ikinguruma kwenye benchi haithibitishi chochote. Mzigo ukipanda ndipo ukweli unatoka.

Kwa hiyo daini video ya aina nyingine. Plagi imetolewa, kifuniko cha flaiwili na cha hedi viko wazi, flaiwili inazungushwa taratibu kinyume cha saa, bila kukata video, mpaka T na O zisimame kwenye alama zake kwa pamoja. Muwe macho, pembeni ya T kuna F. Hiyo ni ya moto wa plagi, na mjanja anaweza kukuonyesha hiyo. Kisha asogeze kamera kwenye O: alama ya kiwandani ina rangi moja na chuma kilichoizunguka. Akianza visingizio, achana naye.

Jamaa huyohuyo anatangaza "seti ya cheni ya taimingi ya CG125". Honda CG125 ya asili, iliyotoka 1976, ni injini ya fimbo, yaani valvu zinasukumwa na fimbo kutoka chini. Kamshafti iko chini na inazungushwa na gia, wala haina cheni ya taimingi. Anayekuuzia kitu hicho ama hajui anachouza, ama anajua wewe hujui.

Kwa mliokwisha kununua: msiikimbize hiyo injini, na msikubali fundi aanze kurekebisha kabla ya kupiga picha. Pigeni picha rangi ya bolti ikiwa nzima, kisha fungueni mbele ya shahidi mkirekodi, T ikiwa kwenye alama yake na sproketi ikionekana vizuri. Hifadhini meseji zote, risiti ya muamala na stakabadhi ya basi, mpeleke polisi vyote kwa pamoja. Bila picha ya kabla ya kufungua, atawageuzia kibao na kumsingizia fundi wenu.