Heritage 130P: darubini ya kuonyeshea watu nyota Kampala

Anayepanga usiku wa nyota kwa wakazi wa Kampala, tunamshauri aanze na Sky-Watcher Heritage 130P. Kioo chake kina kipenyo cha milimita 130 na umbali wa fokasi (kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 650. Bomba lake husukumwa likawa fupi, na yote ina uzito wa kilo 6 hivi, kwa hiyo hubebeka hata kwa bodaboda ikiwa kwenye begi lenye sponji.

Kinachoipa ushindi hapa ni kitako: huzunguka kushoto na kulia, bomba hupanda na kushuka, basi. Darubini nyingi za wanaoanza huja na stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kampala iko nyuzi 0.3 tu kaskazini mwa ikweta, hivyo ncha hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima. Mhimili nao unapaswa kulala, na stendi nyingi hazishuki kiasi hicho. Zinazoshuka, vyuma vya kusawazisha hugonga miguu.

Udhaifu wa kitako hiki ni utosini mwa anga. Bomba likisimama wima, kulisogeza kando ni shida, na ukanda wa kundi la nyota la Orioni hupita karibu kabisa juu ya Kampala. Nebula yake, yaani wingu la gesi, ionyesheni Januari mnamo saa mbili usiku, ingali mashariki.

Lenzi mbili zinazokuja nayo hukuza mara 26 na 65. Ya kwanza huingiza mwezi mzima. Ya pili huonyesha pete za Zohali na mikanda ya Mshtarii. Tungeongeza ya milimita 6, ikuze mara 108. Kumbukeni tu kwamba kwa mara 65 sayari huvuka duara la lenzi kwa dakika 3 hivi. Kwenye foleni, iwekeni ukingoni ili itambae kuelekea katikati, na mwendeshaji aikague kila baada ya watu wawili.

Kirekebisha fokasi chake ni cha kuzungusha, na uzi wake wa skrubu umelegea kidogo. Mgeni akishika lenzi, picha inavurugika na wote wanaomfuata wanaona ukungu, huku wakiona haya kusema. Zungushieni uzi utepe mweupe wa mafundi bomba, na mwambieni kila mtu aweke mikono mgongoni.

Sehemu ya mbele ya bomba iko wazi, kwa hiyo taa za barabarani huingia moja kwa moja. Kitambaa cheusi kilichozungushwa kwenye nguzo zake kinatosha, mradi kisikatize njia ya mwanga. Baada ya safari pimeni vioo: nyota angavu ikivurugwa fokasi, duara zake ziwe na kitovu kimoja. Zikielemea upande, kazeni au legezeni skrubu za nyuma kidogo kidogo.

Darubini hii huwekwa juu ya meza, lakini meza haiji nayo, na meza ya plastiki hutikisika kila mtu anapopita. Tumieni stuli nzito ya mbao yenye miguu mitatu, na kiti cha watu wazima kando.

Maonyesho ya mchana yanahitaji kichujio cha jua kinachofunika mdomo wote wa bomba, kikiwa kimefungwa kwa utepe kisiangushwe na upepo. Bila hicho, darubini isitolewe nje kabla jua halijazama.