Kundi la ushauri wa korosho ninalolilipia: ushauri wao ni mzuri, lakini wanafuta walichosema

Watu kadhaa hapa Newala, na wengine wa Tandahimba, wananiuliza kama wajiunge na kundi la WhatsApp la ushauri wa korosho ambalo nimelilipia ada kwa misimu kadhaa, na kila ninapojaribu kuwajibu kwa mdomo hasira hunitangulia. Nimeona ni heri niandike. Sitalitaja jina la kundi wala la mwenye kundi. Wanaolijua watalitambua, na wasiolijua wataelewa ninacholalamikia bila kuhitaji jina.

Nianze na haki yake. Bwana yule anaijua mikorosho. Msimu wangu wa kwanza alimtaka kila mwanachama apige picha ya machanua ya mti mmoja na kuituma, kisha akawa anazirudisha picha zile moja baada ya nyingine, amezungushia duara jekundu pale ambapo ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeanza, unga mwepesi mweupe kwenye vikonyo vya maua, mahali ambapo mkulima anayetazama mti kwa mbali hawezi kuuona hadi maua yameshaungua. Alitueleza pia kwa nini dawa yake, salfa ya unga, hupulizwa alfajiri: umande ukiwa bado kwenye majani unga hushika, na upepo ukishaanza unakuwa unapulizia shamba la jirani kwa pesa yako mwenyewe. Kwa mafunzo hayo peke yake ada ilikuwa halali yake, na wakati ule ningemwambia mtu yeyote ajiunge.

Hata hivyo, kilichonifanya nilipende kundi hakikuwa yeye. Kilikuwa mabishano ya wanachama. Mle ndani kulikuwa na wakulima wa Kitangari, Mahuta, Nanyamba na Masasi, na wengine kutoka upande wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, na walibishana kama watu wenye mali zao shambani. Swali la mizunguko ya dawa, kwa mfano, lilichukua usiku kadhaa. Kanuni iliyozoeleka ni kurudia salfa ya unga kila baada ya siku 14 na dawa za maji kila baada ya siku 21, lakini mzee mmoja wa Mahuta alituma sauti ndefu akimkatalia mwenye kundi kwa upole mkubwa: "Mwanangu, wewe unahesabu siku, mimi naangalia maua. Shamba langu liko bondeni, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Nikikusubiri wewe na kalenda yako, maua yamekwisha." Mtu wa Ruangwa akamjibu kwamba kwake ni tambarare na upepo ni mwingi, kwa hiyo hali ni tofauti. Mimi nimefundisha shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nasema bila kusita kwamba lile lilikuwa darasa bora kuliko mengi niliyoyasimamia.

Walikuwapo pia wagomvi, siwezi kuficha. Suala la kangomba lilipozuka, la kuuza korosho kwa mlanguzi kwa kipimo chake kabla ya kufika ghalani, watu waliitana wezi na wajinga, na wapo waliojiondoa kwa hasira wakarudi baada ya siku chache. Ukiwaacha waje na msimu wa 2018, pale Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake kuhusu nani alilipwa na lini. Lakini angalia mabishano hayo yalivyokuwa yakiisha. Mmoja alikuwa akipandisha juu ya kundi, akautafuta ujumbe wa miezi iliyopita, akaujibia palepale, na aliyekuwa amepayuka akalazimika ama kunyamaza ama kueleza kwa nini amebadilisha maneno. Waliokuwa na picha za stakabadhi walizituma, na mjadala ukatulia. Kundi lilikuwa na akili kwa sababu lilikuwa na kumbukumbu.

Kisha msimu wa juzi mwenye kundi akaweka ujumbe wa kufutika, yaani kila ujumbe ujifute wenyewe muda wake ukiisha, tena kwa saa 24. Sababu aliyoitoa ni kwamba simu za wanachama zinajaa. Sikatai kwamba ina ukweli. Wengi wetu tuna simu ndogo, na video za mashine za kupulizia zilikuwa zinatumwa bila huruma. Lakini programu ile inatoa pia muda wa siku 7 na wa siku 90, na angeweza kuzuia video akaacha maneno. Alichagua muda mfupi kuliko yote, na wakulima waliokuwa shambani siku nzima, bila mtandao, walikuwa wakirudi jioni na kukuta majibu yaliyobaki bila maswali yake, wasijue yalikuwa ya nani. Swali lile lile likaulizwa mara nyingi hadi wazoefu wakachoka kujibu, na mzee wa Mahuta akanyamaza.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonitoa uvumilivu lilitokea mashine zikiwa bado zinalia alfajiri mashambani. Mwenye kundi aliandika kwamba wanaotumia dawa za maji wanaweza kungoja hadi wiki nne kabla ya kurudia kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa imekauka. Nilishangaa, na kwa kuwa maneno yale yalikuwa tofauti na yale aliyotufundisha mwenyewe, niliubonyeza ujumbe wake na kuuhifadhi usipotee pamoja na mingine, kwani tangu 2023 mwanachama anaweza kufanya hivyo. Asiyejua na ajue kwamba aliyeandika ujumbe hupata taarifa umehifadhiwa, na ana uwezo wa kukataa. Akikataa, hakuna mwingine anayeweza kuuhifadhi tena. Alikataa. Saa zake zilipofika, ujumbe ukatoweka kwenye simu zetu zote.

Waliomfuata walipoteza maua. Mama mmoja wa Nanyamba, mjane anayelea wajukuu kwa mikorosho yake, aliandika kwa heshima kabisa, akaanza na salamu, akauliza afanye nini sasa, maana alingoja wiki nne kama alivyoambiwa. Jibu la mwenye kundi lilikuwa hili: "Sijawahi kusema wiki nne. Nilisema tatu. Tuwe tunasoma." Ndani ya muda mfupi watu ambao siku ile hata hawakuwapo wakaanza kumwandama yule mama, kwamba anatafuta wa kumsingizia, kwamba ni mwongo. Kijana mmoja akaleta picha ya skrini yenye maneno ya wiki nne. Akajibiwa kwamba picha siku hizi zinatengenezwa. Picha ile ilikuwa ya kweli, lakini ni kweli pia kwamba ilikuwa imekatwa: haikuonyesha swali lililotangulia wala waliopinga baadaye, na mtu mwenye nia mbaya alipata pa kujifichia.

Mimi niliandika kwamba niliusoma ujumbe ule, kwamba niliuhifadhi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa usibaki. Sentensi zangu zilifutwa na msimamizi kabla sijaiweka simu chini, na muda si muda nikaondolewa. Nikampigia. Hakusalimia, mtu mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alisema, "Mzee, pale si mahakamani. Ukitaka kumbukumbu, nunua daftari." Akakata.

Neno lile la mahakamani linaniuma hadi leo, kwa sababu kuweka kumbukumbu hakukuanza na mahakama. Nenda kwenye mkutano wowote wa chama cha msingi hapa kwetu, hata ule wa chini ya mwembe wenye wanachama wasiojua kusoma: jambo la kwanza baada ya kufungua kikao ni kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuuthibitisha, kisha yanafuata yatokanayo. Mwenyekiti aliyeahidi mbolea mwaka jana anasomewa ahadi yake mbele ya watu, na mwanachama aliyekuwa anaumwa siku ile anajua kilichosemwa. Bila muhtasari, mwenye sauti kubwa ndiye anayekumbuka kwa niaba ya wote.

Na mitandaoni haishindikani. Makala za Wikipedia ya Kiswahili zina ukurasa wa Majadiliano, watu wanabishana humo na kutia saini, na historia ya kila badiliko inabaki, ikiwa ni pamoja na maneno ambayo mwenyewe angependa yasahaulike. Kinyume chake pia kinajulikana: Yahoo ilipofuta maandishi ya makundi yake mwishoni mwa 2019, kabla ya kuyafunga kabisa Desemba 2020, mazungumzo ya miaka mingi ya watu wa kila aina yalipotea, isipokuwa yale ambayo watu wa kujitolea waliwahi kuyaokoa. Hao angalau walipewa taarifa mapema. Sisi tulifutiwa kila siku na mtu tunayemlipa.

Basi mnaoniuliza, nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba jiungeni kwa sharti kwamba muda wa kufutika uongezwe hadi siku 90. Nimeandika hadi hapa na sioni tena kwa nini niweke sharti hilo. Msilipe. Picha za machanua mnaweza kumpelekea bwana shamba, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wamekuwa wakiifanyia kazi mikorosho hii kwa muda mrefu kabla ya kundi lile kuwapo. Kilichokuwa hakipatikani kwingine ni yale mabishano ya wazee wa Mahuta na Ruangwa, na hayo ndiyo aliyoyafuta.

Ada yangu ya msimu hajairudisha na siidai. Ninachodai ni kwamba yule mama wa Nanyamba aombwe radhi ndani ya kundi lile lile, mbele ya wale wale waliomwita mwongo, na kwamba safari hii mtu akiuhifadhi ujumbe huo, mwenye kundi asiukatae.